Jerikeni Mbili Nyekundu

Pale gereji mmeniuliza mara nyingi kwa nini tulichelewa kufika Lodwar, nami nimekuwa nikijibu kwamba gari ilichemka. Ni kweli, lakini ni nusu. Mnajua mimi huongea kidogo. Kuandika pia naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la nane, lakini karatasi hainikatizi katikati ya maneno kama mnavyofanya nyinyi. Kwa hivyo nimeandika safari yote, na mwenye kutaka kujua asome.

Langas, kabla ya kuondoka

Mzee Noor mnamfahamu, yule mwenye duka la vitenge na thamosi karibu na soko. Binti yake Halima aliolewa Lodwar, na huko alijifungua mtoto wake wa kwanza. Kwao, siku ya saba huchinjwa mbuzi na mtoto hupewa jina, na Halima alikuwa amesema jina litolewe na babu mwenyewe, si kwa simu. Siku hiyo ya saba ilikuwa Ijumaa. Macho ya Mzee hayaoni mbali tena, ndipo akamwomba Fundi Simiyu dereva, na Fundi akanitoa mimi kwa sababu gari yake ya kijivu nimeihudumia tangu nianze kazi.

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Kabla ya kuwasha injini nilifungua boneti nikaangalia kulanti, ile dawa ya kupoza injini, maana hiyo huangaliwa injini ikiwa baridi. Kwenye lile tangi dogo la pembeni kuna mistari miwili, wa juu na wa chini. Kulanti ilikuwa chini ya mstari wa chini. Nikafungua na kifuniko cha rejeta, nako ilikuwa imepungua kama vidole viwili. Nikajaza hadi mahali pake, kisha nikaenda kupimiwa nyingine ya kubeba.

Mnajua sisi tunavyonunua kulanti. Inatolewa kwenye pipa, na unapimiwa katika chombo chochote ulichokuja nacho. Mimi nilikuja na jerikeni ya lita tano iliyokuwa ya juisi ile nzito ya kuchanganya na maji. Jerikeni yenyewe ni nyekundu, na karatasi yenye picha za matunda ilikuwa bado imebandikwa. Kulanti ya gari ile nayo ni nyekundu.

Fundi Simiyu aliiona akasema, "Wekesa, hiyo siku moja utamnywesha mtu. Hii kitu ni tamu ulimini lakini inaua figo. Toa hiyo karatasi, ufunge kitambaa."

"Sawa, Fundi."

Nilitafuta kitambaa. Mzee akapiga honi. Nikaiweka kwenye buti hivyo hivyo.

Hadi Kitale

Barabara ilikuwa na ukungu mpaka karibu na Moi's Bridge. Mzee aliongea njia nzima. Alikuwa na majina matatu ya mtoto na alitaka kujua lipi linafaa, lakini kila nilipofungua mdomo alikuwa ameshafika kwenye jina lingine.

Kitale tuliingia hoteli moja ya chini. Mzee aliagiza chai na mayai. Mimi niliagiza chapati na maharagwe. Msichana akaniletea chapati na matumbo. Matumbo sili, tangu utotoni tumbo langu linayakataa. Nilikula.

Mzee alinitazama mpaka nikamaliza. "Wewe si uliagiza maharagwe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hayo yalikuwa maharagwe?"

"Si neno, Mzee."

"Kijana, siku moja watakuletea jiwe na utalitafuna." Akacheka, akalipa, tukatoka.

Kabla ya kuondoka mjini alinunua mitungi miwili ya lita ishirini akaijaza maji. Alieleza kwamba njia ya chini ni kavu, na mtu anayepita na maji bila kuwaachia walio kando ya barabara, safari yake haina baraka. Yeye hufanya hivyo kila akishuka huko. Safari hii, kwa sababu ya mjukuu, aliongeza na juisi kwa ajili ya watoto atakaowakuta. Alitoka dukani ameibeba mwenyewe, jerikeni nyekundu ya lita tano yenye picha za matunda.

Niliiona. Nilifikiri nitamwambia kuhusu ile nyingine tukifika mbele kidogo.

Hadi Marich

Makutano tulikaa karibu saa mbili kwa sababu Mzee alikutana na rafiki yake wa zamani wa biashara ya mbuzi. Walisalimiana, wakanywa chai, wakabishana kuhusu mbuzi mmoja aliyeuzwa zamani sana na ambaye kila mmoja alidai ndiye aliyedanganywa. Mimi nilikaa garini. Rafiki huyo alikuja dirishani akanipa mfuko wa njugu, akasema, "Mwendeshe polepole huyu, mwongo hafai kufa kabla ya kukiri."

Baada ya Makutano barabara inateremka tu. Unaanza na sweta na unamaliza na shati lililolowa. Karibu na Marich niliona sindano ya geji ya joto imepanda juu ya katikati. Nikawasha hita ili ivute joto kutoka kwa injini. Mzee akaniuliza kama nina wazimu. Nikamweleza, akafungua kioo na kutoa kichwa nje.

Nikasimamisha chini ya mgunga, nikazima, nikafungua boneti. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa unatokwa na matone pale unapofungwa, klipu imelegea. Kwa kuwa kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, tulingoja kama dakika arubaini. Mzee alilala. Nilipoweza kugusa mpira bila kuungua, niliweka kitambaa juu ya kifuniko, nikakizungusha robo ili pumzi itoke, nikangoja, kisha nikamaliza kufungua. Nikaongeza kulanti kama lita mbili. Klipu ilikuwa imekwisha meno, nikaifunga kwa waya.

Buti ilikuwa imejaa vitu vya Halima na ile jerikeni ilikuwa imebingirika hadi chini kabisa. Sikutaka kuihangaikia tena, nikaiweka kiti cha nyuma, kando ya ile ya juisi. Zilikaa pamoja kama mapacha. Kwa kuzitazama tofauti ilikuwa moja tu, ile ya juisi ilikuwa bado haijakatwa utepe wa kifuniko.

Baada ya Kainuk

Tulivuka daraja la Kainuk, na baada ya hapo miti ikawa mifupi na vijiji vikawa mbali kwa mbali. Kando ya barabara watu huuza makaa kwa magunia. Mahali pamoja pasipo na jina, au mimi silijui, palikuwa na magunia manne, mama mmoja ameketi kwenye kivuli cha kitambaa alichokitundika kwa vijiti, na watoto wawili, mvulana wa miaka kama saba na msichana mdogo kuliko yeye.

"Simama hapa," Mzee akasema.

Nilifurahi kusimama kwa sababu nilitaka kuangalia ule waya. Nikafungua boneti. Waya ulikuwa umeanza kuachia, nikaukaza kwa koleo. Nilimsikia Mzee akisalimia, na yule mama akijibu kwa Kiswahili kizuri cha mtu aliyezoea madereva. Jina lake niliambiwa baadaye kuwa Mama Ekai, kwa jina la yule mvulana. Mzee alimmiminia maji mtungi mzima. Kisha nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Kati ya boneti na mwili wa gari kuna nafasi ndogo. Kupitia hapo niliona mkono wa Mzee umeshika jerikeni nyekundu, nikaona mikono ya Mama Ekai ikiipokea.

"Hii ni ya hawa wadogo," Mzee akasema. "Changanyeni na maji, ni tamu sana. Niombeeni mjukuu wangu."

"Mungu amkuze, Mzee."

Jerikeni zilikuwa mbili. Sikuona kama utepe umekatwa. Nilijiambia kwamba Mzee aliinunua mwenyewe, anaijua yake. Nilijiambia pia kwamba ni aibu kumsimamisha mzee mbele ya watu na kukagua sadaka yake kama askari. Nikafunga boneti. Mama Ekai alikuwa ananitazama. Nikaangalia chini, nikaingia garini, tukaondoka.

Ningeweza kugeuza shingo na kuangalia iliyobaki kwenye kiti. Niliendesha kama kilomita kumi na mbili bila kugeuza shingo.

Mahali gari ilipochemka

Sindano ilipanda tena, mara hii haraka. Nikatoka barabarani, nikazima. Waya ulikuwa umekatika na mvuke unatoka pembeni ya mpira. Mzee akauliza kama ni kama mwanzo, nikasema ndiyo. Akasema, "Basi leta dawa yako, tungoje ipoe."

Nikafungua mlango wa nyuma. Jerikeni iliyokuwa pale ilikuwa na utepe wake mzima.

Nilisimama nayo mkononi. Mzee alikuwa anapangusa jasho na kuzungumza juu ya mbuzi watakaochinjwa. Nilimwacha amalize sentensi, na hilo pia nalikumbuka.

"Mzee, uliyowapa wale watoto si juisi."

"Ni nini?"

"Ni ya gari. Ni sumu. Niliiweka kwenye chombo cha juisi."

Hakupiga kelele. Aliichukua ile jerikeni mkononi mwangu, akaileta karibu sana na macho, akaona utepe. Kisha akasema, "Geuza gari."

"Haiwezi, Mzee. Imechemka. Tukiiwasha itakufa kabla ya kufika."

"Jaza maji. Mtungi mmoja uko."

"Haifunguliwi sasa. Itaturukia. Na maji baridi kwa injini iliyochemka, inapasuka."

"Dakika ngapi?"

"Arubaini."

"Katika dakika arubaini mtoto anakunywa vikombe vingapi?"

Mzee akaanza kutembea. Alitembea kurudi tulikotoka, na kanzu yake, na fimbo yake, juani, kilomita kumi na mbili mbele yake. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mzee mkono kwa nguvu. Nilimwambia abaki na gari, asiguse kifuniko, mimi nitasimamisha gari yoyote.

Ya kwanza ilipita bila kupunguza. Ya pili ilikuwa lori lililokuwa linarudi Kitale tupu. Nilisimama katikati ya lami na kupunga mikono yote miwili. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile.

"Unataka kufa au unataka lifti?"

Nilisema nataka kurudi kwa mama wa makaa.

"Mbona? Ulisahau chenji?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, lakini alielewa. Alifungua mlango kabla sijamaliza.

Kurudi nyuma kwa lori

Lori lilikwenda mbio kuliko nilivyodhani lingeweza. Dereva akauliza, "Na wakati mzee anawapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa boneti."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na mdomo?"

Nikageukia dirisha.

"Sisi barabarani tunasema rejeta haifunguliwi ikiwa moto," akasema. "Lakini wewe, bro, hata ukiwa baridi hufunguki."

Hakucheka alipolisema hilo. Nilitazama nguzo za umeme na kuzihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilikuwa nawaza kuhusu yule msichana mdogo. Alikuwa amevaa shanga shingoni na alikuwa ameficha uso nyuma ya mama yake gari lilipofika, kama mimi nilivyokuwa nikijificha nyuma ya mama yangu.

Niliona magunia manne kwa mbali. Kisha nikaona kivuli cha kitambaa. Watoto hawakuwepo. Nilishuka kabla lori halijasimama vizuri nikaanguka kwa magoti.

Mama Ekai alikuwa ameketi palepale. Jerikeni ilikuwa kando yake, imefunikwa, na jiwe juu ya kifuniko.

"Umekuja," akasema. "Nilijua mtarudi. Nilidhani mtakuja na gari."

"Watoto wako wapi?"

"Wameenda kuangalia mbuzi."

"Wamekunywa?"

"Keti kwanza."

"Mama, wamekunywa?"

"Hawajakunywa. Keti, utaanguka tena."

Nikaketi kwenye mchanga. Dereva wa lori alikuwa amefika nyuma yangu, akasema, "Asante Mungu," akaondoa kofia yake.

Mama Ekai akaondoa lile jiwe, akafungua, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba mbele ya uso wangu. "Juisi inanata," akasema. "Hii inateleza. Mimi nimekaa barabara hii miaka mingi, magari yanafia hapa kila wiki. Nimeshika hii kitu na mikono yangu, nimewashikia madereva tochi, nimewapa maji. Naijua. Mzee wako hajui, yeye ni mtu wa duka."

"Asante, Mama."

"Kwanza mtoto wangu mdogo aliishika akalia anataka. Nikamchapa. Amelia mpaka sasa hivi, anadhani nimemnyima kitu kizuri." Alifunika tena jerikeni. "Lakini wewe nilikuona. Ulichungulia hapo kwa boneti ukanitazama mimi, ukaitazama hii, ukaangalia chini. Nikasema, huyu anajua kitu. Ndiyo maana niliijaribu na kidole. Siku nyingine ningewamiminia tu."

Nikafuta mchanga kwenye magoti.

"Kama ningekuwa mgeni wa barabara hii?" akauliza. "Mgeni hajui kusoma macho yako. Mgeni anangoja umwambie."

Dereva wa lori alijifanya kuangalia magurudumu yake. Alipoondoka alinipa mkono tu. Mama Ekai alisimamisha boda boda iliyokuwa inakwenda upande wa Lokichar, akazungumza na kijana wake kwa Kiturkana, nikapanda na ile jerikeni mapajani. Kabla hatujaondoka alirarua ukingo wa kile kitambaa chake cha kivuli, akafunga kipande kwenye mkono wa jerikeni, mafundo mawili. Hakueleza.

Hadi Lodwar

Mzee alikuwa amesimama barabarani. Hakuona ni nani anayekuja mpaka pikipiki ilipofika karibu sana.

Nilisema kwa sauti, kabla ya kushuka, "Hawakunywa, Mzee. Hakuna aliyekunywa."

Akaketi kwenye ukingo wa lami na kukaa hapo kwa muda. Midomo yake ilikuwa inaenda bila sauti. Kijana wa boda akazima pikipiki akasubiri naye, akiwa ameshika kofia yake ya chuma, ingawa hakuwa ameambiwa lolote.

Injini ilikuwa imepoa. Nilifungua kifuniko kwa kitambaa, robo, kisha yote. Nikakata kipande kibovu cha mpira, nikaurudisha, nikaufunga kwa waya mara tatu. Nikamimina kulanti yote iliyobaki, na kwa sababu haikutosha nikaongeza maji ya kunywa kidogo. Nikawasha kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakatoka, nikaongeza, nikafunga. Kila kilomita ishirini nilisimama kuangalia. Mzee hakulalamika hata mara moja.

Tuliingia Lodwar jua likizama. Halima alikuwa ameweka wali na nyama ya mbuzi, na mumewe akanijazia sahani bila kuuliza. Juu kabisa ya wali aliweka matumbo.

Mzee alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa sinia.

"Shemeji, matumbo sili," nikasema. "Samahani."

"Mbona hukusema? Leta hapa," mume wa Halima akajibu, akayahamishia kwake, akaendelea kula. Ilikwisha hivyo tu.

Asubuhi Mzee alimpa mtoto jina, Amina. Halikuwa mojawapo ya yale majina matatu. Alisema limemjia njiani, akiwa ameketi kwenye lami.

Kurudi

Klipu mpya niliipata Lodwar. Jumapili tulianza kurudi, na kwenye kiti cha nyuma palikuwa na jerikeni moja tu, ile yenye utepe. Ile nyingine niliiosha, nikatoa karatasi ya matunda, nikaiweka kwenye buti na kitambaa chake.

Magunia ya makaa yalikuwa yamebaki mawili. Mzee alitaka kushuka kwanza. Nilimwomba aniache.

Watoto wote wawili walikuwepo. Msichana aliiona jerikeni nyekundu akarudi nyuma hatua mbili na kumwangalia mama yake.

"Ni nini hiyo?" Mama Ekai akaniuliza. Alikuwa anamwona Mzee garini, lakini aliniuliza mimi.

"Ni juisi," nikasema. "Ile ya kweli. Utepe haujakatwa, uone. Nimeibeba mimi mwenyewe, na ile ya gari iko kwa buti."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua bila kulazimishwa.

Aliipokea. Akakata utepe kwa meno. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, polepole, akinitazama machoni, nami sikuangalia chini. Vidole vyake viligandana, akavitenganisha, vikagandana tena.

"Inanata," akasema, akamwita msichana alete kikombe.